Dole la Gunia

Aliyeusukuma ule mlango alikuwa Gunia mwenyewe.

Najua wiki nzima mmebishana. Wapo waliosema ni polisi, wapo walioapa ni yule mke wa pili tuliyemwacha akifungasha masanduku. Poleni sana. Mlango ulisukumwa kwa bega, kama Gunia alivyosukuma milango maisha yake yote, naye akaingia amevaa shati la njano lenye mistari, lile lile la sinema ya mwisho aliyocheza na Nyundo, limepauka mabegani na kifungo kimoja hakipo.

Nyundo alikuwa kwenye kochi, ameshajitia huzuni usoni akimsubiri mwigizaji wa kukodi atakayemcheza Gunia. Ile huzuni ikamponyoka. Akabaki na uso wake mtupu, ambao hakuwa amemwonyesha mtu kwa muda mrefu.

Kwa wanaojiunga nasi leo, nieleze upesi. Nyundo ni yule steringi wa sinema ambaye baba zenu walitoroka kazini kwenda kumtazama, aliyepiga kundi zima la majambazi na kofia isimdondoke. Sasa magoti yanamlalamikia akipanda ngazi, nywele anazipaka rangi, na simu yake ikiita ni mtu aliyekosea namba. Ndipo akaja mwongozaji mmoja, binti mwenye miwani mikubwa na sauti ya chini, akamwambia watengeneze picha juu ya maisha yake, na Nyundo amcheze Nyundo. Akakubali kabla binti hajamaliza sentensi.

Gunia ni shemeji yake, mdogo wa mke aliyeachana naye. Katika kila picha ya Nyundo, yule adui anayekula ngumi akapaa juu ya meza, akatoka na dirisha, akaporomoka ngazi, alikuwa Gunia. Walimbadilisha masharubu tu. Watazamaji walidhani Nyundo ana mkono mzito. Watu wa kazi wanajua kwamba ngumi ya sinema haimgusi mtu, na kwamba uzito wote uko kwa yule anayeanguka.

Baadaye Gunia akaanguka vibaya. Kichwa hakikurudi tena sawasawa, na kwa miaka yote hiyo Nyundo hakuwahi kukanyaga nyumbani kwake kumjulia hali. Kila wiki alisema wiki ijayo.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini alishindwa kuinuka kwenye kochi.

Gunia alizitazama taa, akazitazama waya zilizotandaa sakafuni, akamtazama mpiga picha nyuma ya kamera yake, na uso ukamnawiri. Akamgeukia Nyundo kama waliachana jana jioni.

"Shemeji," akasema, "leo naanguka wapi?"

Watu wa seti wakacheka, wakidhani imeandikwa. Nyundo hakucheka, maana nyuma ya Gunia alikuwa ameingia dada mtu, mkoba kifuani, macho makavu.

Zamani mwanamke huyu alimwita Baba Watoto. Siku hizi akimtaja humwita Nyundo, kama wanavyomwita watu wa barabarani, na hakuna tusi lililowahi kumuuma mzee wetu kuliko hilo.

"Nyundo," akamsalimia hivyo tu, akapita.

Akasimama katikati ya seti na kuwatangazia wote masharti. Gunia atakaa kwenye kiti. Hatasimamishwa, hatasukumwa, hatashikwa na mtu. Daktari alishasema kichwa kile hakiwezi kupokea pigo jingine, hata dogo, na kwamba likitokea, wasije wakamlilia yeye. Akamtazama mmoja mmoja mpaka akaitikia: mwongozaji, mpiga picha, fundi wa taa, mama wa poda. Hata Nyundo akaitikia kwa kichwa, na mama watoto akangoja mpaka aitikie kwa sauti.

Kisha akachagua kiti mwenyewe, akakivuta pembeni karibu na pazia, akamkalisha mdogo wake na kumfunga kamba za viatu.

Nyundo akamvuta mwongozaji nyuma ya ukuta wa mbao. Akamuuliza kwa nini hakuambiwa. Binti akamjibu kwa upole kwamba angeambiwa angekuja na uso ulioandaliwa, na nyuso zilizoandaliwa wanazo za kutosha kwenye picha zake za zamani.

"Nimemfuata dada yake mara kadhaa," akasema. "Alinikatalia. Halafu wiki iliyopita akanipigia mwenyewe."

Sababu aliyompa binti ilikuwa hii. Kila asubuhi Gunia huamka, huvaa lile shati la njano na kukaa kizingitini kungoja gari la kampuni limchukue. Hakumbuki chai aliyokunywa sasa hivi, lakini anakumbuka kwamba ana kazi. Linakuja jua, linaondoka, gari haliji, na akilala anasahau kwamba halikuja. Dada mtu amechoka kumwona pale. Alitaka mdogo wake apelekwe kazini siku moja, afanye, arudi, labda kesho yake angelala mpaka saa ya watu.

Nyundo akalimeza hilo. Lilishuka kama kidonge bila maji.

Sasa niwaambie kitu kuhusu binti huyu, maana kina kazi mbele. Alikuwa na ugonjwa wa ukweli. Hakutaka sebule ya kuigiza, akataka sebule ya Nyundo yenyewe. Kwa hiyo walikwenda nyumbani kwake na lori wakabeba mapazia, wakabeba picha za ukutani, wakabeba kochi lenye shimo, na mwisho wakabeba meza. Wanaume wanne walitukana njia nzima kwa sababu ya meza ile. Ni mti mgumu wa zamani, wa kurithiwa, pembe zake zina ncha kama siku ilipotoka kwa seremala.

Enzi za Nyundo, hakukuwa na meza kwenye seti ya sinema ambayo ilikuwa meza kweli. Zilikuwa mbao laini, miguu imekatwa nusu kwa msumeno, zikingoja mtu azivunje. Hii haikuwa imekatwa popote. Ishikeni akilini hiyo meza.

Basi kazi ikaanza. Mwongozaji akachuchumaa mbele ya kiti cha Gunia, akamwambia kwamba leo haanguki. Leo ana maneno.

Gunia akamtazama dada yake kuhakikisha hajasikia vibaya. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kupewa neno. Watu wa kuanguka hawapewi maneno. Wanapewa kelele, na hata hizo huwekwa baadaye na mtu mwingine mwenye koo zuri zaidi.

Akaambiwa maneno yenyewe ni mafupi. Shemeji yake atakuja kukaa karibu naye, atamwomba radhi, na yeye atajibu: yamekwisha, shemeji.

"Nayasema kwa hasira au taratibu?" Gunia akauliza.

Mwongozaji akamwambia ayaseme anavyojisikia. Jibu hilo halikumsaidia. Akageuka kwa dada yake na kuanza kuyajaribu, mara kwa sauti nene, mara kwa sauti ya mgonjwa, mara akinyoosha kidole kama waziri. Dada mtu akamwambia hiyo ya katikati ni nzuri. Alimwambia akitabasamu, halafu akageuka upande wa pazia na akakaa huko kidogo kabla ya kurudi.

Kamera ikawashwa. Nyundo akavuta kigoda na kukaa mbele ya shemeji yake.

Kilichomchanganya ni mikono. Ilikuwa imelala juu ya magoti ya Gunia, ile ile, mipana, kucha fupi, kovu la kioo kwenye kiwiko. Mikono hiyo aliijua kuliko alivyomjua mwenyewe, na nitawaeleza kwa nini.

Adui akishaanguka kwenye sinema ni maiti, na maiti haijitikisi mpaka mwongozaji aseme kata. Lakini mtu anaweza kuumia kweli, na akiwa amelala pale kama maiti nani atajua? Ndiyo maana watu wa kuanguka wana desturi yao. Mkono ulio upande usioonekana kwenye kamera ndio unaosema. Akinyoosha dole gumba, maana yake niko salama, endelea. Akifungua kiganja, maana yake nimeumia, simamisha kila kitu. Na wa kutazama ule mkono ni yule aliyempiga. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza baada ya ngumi, kabla hajanyoosha kola, kabla hajageukia kamera kutamba. Steringi asiyetazama mkono si steringi, ni muuaji aliyechelewa tu.

Siku ya picha yao ya mwisho Gunia aliporomoka ngazi za zege. Nyundo akanyoosha kola na kuiendea kamera kwa ule mwendo wake wa kiburi mliokuwa mkiuiga shuleni. Mwongozaji wa siku hiyo akaupenda, akataka aurudie. Akaurudia. Akautaka tena, jua lisije likaondoka. Muda wote huo Gunia alikuwa chini ya ngazi, na hakuna aliyemgusa, kwa sababu katika picha alikuwa maiti na alikuwa anaifanya kazi yake vizuri sana. Walipokwenda kumwinua, damu ilikuwa imeshafanya mambo yake ndani ya kichwa.

Kampuni ikaita kikao. Nyundo akaulizwa kuhusu mkono. Akajibu kwa maneno mawili: alininyooshea dole.

Kikao kikaishia hapo. Mtu anayenyoosha dole huku ameumia kajiumiza mwenyewe, ndivyo kazi ile inavyohukumu. Kamera nayo haikuwa na la kusema, ilikuwa ikifuata uso wa steringi, na mkono wa Gunia haukuwa ndani ya picha. Nyundo akayapeleka maneno hayo hayo nyumbani kwa mkewe, akayapeleka kwa waandishi, ameyasema mara nyingi hata yanatoka yenyewe, kama mtu anavyotaja jina lake.

"Shemeji," Nyundo akaanza sasa, mbele ya kamera, kama ilivyoandikwa. "Nimekuja kukuomba radhi. Sikuja kukuona. Nilikuwa naogopa."

Gunia akamtazama machoni, akangoja kidogo, ngoja ya mtu anayejua kazi.

"Yamekwisha, shemeji."

Alilisema vizuri ajabu. Lilitoka polepole, lina uchovu ndani yake na lina undugu, na fundi wa taa akajifanya ana kitu kwenye jicho. Nyundo akahisi kifua kinafunguka. Miaka yote hiyo aliota kinywa kile kikisema neno lile, na sasa limesemwa mchana kweupe. Machozi yakamtoka bila dawa ya kitunguu ya mama wa poda.

"Nzuri sana," akasema mwongozaji. "Tuichukue tena kutoka upande huu."

Wakachukua tena. Gunia akangoja kidogo, ngoja ile ile, akasema yamekwisha, shemeji, na uchovu ulikuwa pale pale na undugu pale pale. Watu wakapiga makofi. Gunia akainamisha kichwa kwa haya kama bwana harusi.

Walipochukua tena, Nyundo hakuwa na machozi. Alikuwa anamtazama shemeji yake kwa karibu, anatafuta. Hakukuwa na mtu mle aliyekuwa amesamehe chochote. Kulikuwa na fundi aliyepewa kazi akaifanya. Angeambiwa aseme nakuchukia angelisema vizuri vile vile, kisha angeuliza kama limetosha.

Nyundo akamtazama mtalaka wake pale karibu na pazia. Mama watoto alikuwa amekunja mikono, anamwangalia kwa namna ambayo mtu humwangalia jirani anayekula chakula cha msibani mara ya pili.

Uchungu ukampanda mpaka mdomoni. Akasimama ghafla, kigoda kikaanguka nyuma yake.

"Kata," akasema.

Steringi hana ruhusa ya kusema kata. Seti nzima ikamtazama mwongozaji. Alimgusa tu mpiga picha begani, na taa nyekundu ya kamera ikaendelea kuwaka. Nyundo hakuiona. Nataka mwamini hivyo, kwa sababu mimi mwenyewe naamini kwamba kwa muda ule mfupi alikuwa mtu wa kweli.

Alikuwa na jambo la kumwambia Gunia. Halikuwa kwenye karatasi za binti, na hakuwahi kumwambia hata mkewe walipokuwa wakilala kitanda kimoja. Alikuwa amelibeba tangu siku ya zile ngazi, na sasa alitaka kulitua, Gunia alielewe au asilielewe, dada mtu asikie, halafu wamfanye watakavyo.

Gunia kusikia kata naye akasimama. Ndivyo alivyozoea, kata ikisemwa maiti inainuka. Dada yake alikuwa ameinama anatoa chupa ya maji mkobani. Akainua kichwa, akamwona mdogo wake yuko wima, akamwambia kaa.

"Gunia," Nyundo akasema, akisogea. "Nisikilize. Siku ile ya ngazi…"

Na akanyoosha mkono wake wa kulia ili amshike bega.

Hakuwa na ubaya. Ni mkono wa mtu anayetaka kumshika ndugu yake. Lakini ulitokea kulia, ukapanda kwa urefu wa bega, umbali ule ule waliopimiana maisha yao yote, na Gunia akauona unakuja. Macho yakamng'aa. Kumbe kazi ipo. Kumbe hawakumwita bure.

Akageuza shingo kabla vidole havijamfikia, miguu ikaachia ardhi, na kwa pembe ya jicho akaitafuta meza, maana mtu wa kuanguka mwenye heshima zake haangukii sakafu tupu kama kuna meza ya kuvunja.

Aliirukia vizuri sana. Lilikuwa moja ya maanguko yake bora.

Meza ya sinema ikivunjika hulia kama biskuti. Hii haikuvunjika. Ilitoa mlio mmoja mfupi, mlio wa mlango unaofungwa na mtu mwenye hasira, na haikusogea hata unywele. Gunia akateleza kutoka juu yake mpaka kwenye zulia, akalala ubavu, kimya, maiti safi.

Mtu mmoja huko nyuma ya taa akapiga kofi moja, akaacha.

Dada mtu aliangusha chupa na kukimbia. Nyundo hakuweza kusogea. Aliweza kufanya kitu kimoja tu, na alikifanya: alitazama mkono. Aliutafuta pale unapokuwaga, nyuma ya paja, upande usioonekana kwenye kamera, na akauona.

Dole lilikuwa juu. Limenyooka, limetulia, kama zamani.

Nyundo akacheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, cha mtu aliyeponea chupuchupu, na akashika mgongo wa kochi. Akawaambia watu yuko salama, ameonyesha dole, yuko salama.

Mama watoto alikuwa ameshapiga magoti, anampapasa mdogo wake kichwani, anamuuliza wapi panauma. Gunia hakumjibu yeye. Alikuwa anamtazama Nyundo kwa chini, na alikuwa na furaha.

"Leo umetazama," akasema.

Hakuna aliyeelewa, isipokuwa mmoja.

"Unasemaje, mdogo wangu?" akauliza dada yake.

"Shemeji. Leo ametazama mkono." Sauti ilikuwa ya fundi anayesimulia kazi ya jana, haina kinyongo hata kidogo. "Siku ile ya ngazi hakutazama. Nilifungua kiganja. Nikafunga, nikafungua tena, labda hajaona. Nikaona visigino vyake tu vinaondoka."

Mtu huyu, wasomaji wangu, hakumbuki chai aliyokunywa asubuhi.

Mama wa poda alishika mdomo. Mama watoto hakuinuka pale chini, ila mikono yake iliacha kupapasa. Akamgeukia Nyundo polepole, na sasa alikuwa amempa mdogo wake mgongo.

"Uliniambia alinyoosha dole," akasema.

Nyundo akaitazama chupa iliyoanguka.

"Nilimgombeza kwa ajili ya maneno yako. Akiwa na mipira puani nilikuwa namgombeza. Kila asubuhi nikimfunga viatu namwambia, ungefungua kiganja mwanangu, kiburi chako ndicho kilichotufikisha hapa. Kila asubuhi. Na yeye ananiambia samahani dada." Sauti haikupanda. Ingekuwa afadhali ingepanda. "Sasa niambie mbele yake. Ulitazama, au hukutazama?"

Neno lenyewe Nyundo alikuwa nalo mdomoni. Ndilo lile lile alilosimama kwenda kulisema. Lakini punde tu kabla ya hapo lilikuwa lake, angelitoa kwa mkono wake, na watu wangemwona mtu aliyetubu. Sasa lilikuwa la kukamatwa nalo. Mwingine amelisema kabla yake, tena kwa furaha, tena akiwa amelala chini. Nyundo akajisikia ameibiwa. Akawa na hasira na Gunia, hasira ya kitoto kabisa, na aibu ya hasira hiyo ikamzidi nguvu.

Na hapo ndipo alipoiona taa nyekundu.

Binti hakuwa amezima. Kamera ilikuwa imemeza kata yake, mkono wake, anguko, dole, visigino, yote, na jicho lake sasa lilikuwa limemkazia yeye, linasubiri.

Mwili wa Nyundo ukafanya kile ulichofundishwa. Sidhani kama aliuamuru. Mabega yakageuka kidogo, yakaupa mgongo ule upande wa zulia, yakaleta mbele shavu la kushoto, ambalo kila mpiga picha aliyewahi kufanya naye kazi anajua ndilo zuri. Kidevu kikashuka. Mkono ukapanda ukanyoosha kola. Fundi wa taa, aliyekuwa analia tangu ile yamekwisha ya kwanza, akatazama sakafu kwa aibu.

"Nilitazama," Nyundo akasema.

Lilitoka vizuri. Lilikuwa na uzito, lilikuwa na maumivu ya mtu anayesingiziwa, na sauti ilikatika kidogo mwishoni pale inapotakiwa kukatika. Macho yake yalikuwa ndani ya kamera. Mama watoto alikuwa amemkazia yeye macho, hapepesi, anasoma uso aliolala nao miaka mingi.

Hakuna aliyekuwa anatazama zulia.

Nyuma ya mgongo wa dada yake, Gunia alikuwa ameacha kutabasamu. Dole likakunjika, likarudi ndani ya ngumi. Kisha ule mkono mpana ukainuka tena kutoka nyuma ya paja, kwa shida, juu zaidi ya pale unapotakiwa kufika, ili safari hii uonekane, na ukafunguka.

Kiganja kilikaa wazi hewani. Kikajifunga, kikafunguka tena, halafu taratibu kikaanza kushuka.